Mafuriko yakizoa NIDA, vyeti na vibali vya Uhamiaji: serikali itusaidieje? Wana Kyela, Mbeya Mjini, Ileje na Tunduma karibuni

Mwana_Bujonde (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kwa wa nyumbani, ugonile.

Kila masika yakifika tunaongea humu kuhusu mafuriko ya Kyela: unga, magodoro, turubai, daraja lililokatika. Ni mambo ya msingi na sina ugomvi nayo. Ila kuna jambo linarukwa kila mwaka, na ndilo linaloendelea kuwatesa watu hata maji yakishakauka na mpunga ukishapandwa upya. Karatasi. Kitambulisho cha Taifa kinachotolewa na NIDA, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, pasipoti kwa wenye nazo, na vibali vya kuishi kwa akina mama walioolewa huku kutoka Karonga na Chitipa kule Malawi.

Kwa asiyeijua Kyela, sisi tuko chini bondeni, pembeni mwa Ziwa Nyasa. Maji ya Rungwe na ya milima ya Livingstone yanatuteremkia kwa Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na mpakani na Malawi kuna Songwe. Mvua inaweza kunyesha Tukuyu usiku kucha, huku kwetu hamjaona tone, alfajiri mnakuta maji mlangoni. Hapo mtu anabeba mtoto na kumshika bibi mkono. Mfuko wa vyeti uliowekwa chini ya godoro, nani ana mkono wa kuubeba?

Nyumbani kwetu mfuko ulipatikana kwenye matope nyuma ya jiko. Mama akautandaza mkekani juani, karatasi moja moja, akazigandamiza kwa vikombe zisipeperuke. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu wino ulikuwa umesambaa wote, jina halisomeki, umebaki muhuri na namba ya ingizo kwenye kona. Cheti chao cha ndoa kilikuwa kimegandana na kadi ya kliniki, ukivuta hiki kinachanika kile. Kitambulisho cha mama mwenyewe hakikuonekana kabisa.

Kisha ikaanza mizunguko. Ofisi moja ikamwambia alete barua ya mtendaji. Mtendaji naye ofisi yake ilikuwa imeingiwa maji, muhuri haujulikani uliko. Kwingine wakamtaka nakala ya kitambulisho kilichopotea, mtu aliyetoka kulala darasani kwenye kambi, nguo alizovaa kapewa na kanisa! Ada ya kupata kadi nyingine ya NIDA ni 20,000. Mjini pesa hiyo inapatikana. Kwa mtu ambaye mpunga wake umelala chini ya maji na kokoa yake imeoza, hiyo ni chakula cha familia, na hapo hujahesabu nauli.

Halafu tuko mpakani. Kinyakyusa chetu na Kingonde cha ng'ambo vinaelewana, sura zetu ni moja, majina ni yale yale. Siku huna kitambulisho mkononi, kwenye kizuizi cha barabarani unashushwa kwenye gari uulizwe umetoka upande gani. Mama yangu amezaliwa Kyela, wazazi wake wamezikwa Kyela, na ilibidi ajieleze mbele ya abiria wote kama mtu aliyeingia kwa njia za panya. Jambo hili liliniuma kuliko nyumba.

Hoja yangu ni kwamba gari linalopeleka unga kambini lingeweza kupeleka na mashine ya alama za vidole. Taarifa zetu NIDA wanazo, na za vyeti vyetu RITA, wakala wa kusajili vizazi na vifo, wanazo. Naomba tusaidiane mambo mawili: kwa sasa mtu afanyeje, na serikali tuiombe nini hasa.

Nzovwe_Kwetu

Naunga mkono hoja. Aprili 2024 tope liliposhuka kutoka Mlima Kawetere hadi Itezi, hapa hapa Mbeya Mjini, tulimshukuru Mungu kwamba watu walitoka. Lakini nyumba zilifukiwa na vyote vilivyokuwamo. Kwenye maji unaweza kuokota mfuko ukaanika kama alivyofanya mama yako. Tope likishafukia mpaka kwenye madirisha, huokoti kitu.

Na ule mwaka haikuwa kwetu tu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili kwamba mvua zile za El Niño zilikuwa zimeua watu 155, na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika nchi nzima. Sasa jiulize kaya 51,000 zina vyeti vingapi.

Mtendaji_Mstaafu

Mwanangu Bujonde, poleni sana, na mfikishie mama pole zangu. Nimefanya kazi ya utendaji wa kijiji na baadaye wa kata, kwa hiyo haya nimeyaona nikiwa upande wa pili wa meza. Niseme mpangilio unaofaa, maana watu wengi wanaanzia mwisho.

Kwanza rudisha laini ya simu. Usianzie kwenye kadi ya NIDA. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, kidole chako chenyewe ndicho ushahidi. Ukiwa na namba yako ya NIDA, wakala anakuwekea kidole kwenye mashine, mfumo unakutambua, laini inarudi na pesa yako ya kwenye simu inarudi. Kuanzia hapo unaweza kupokea msaada, kupigiwa na kamati, na kulipia kwa namba ya malipo ya serikali bila kupanda gari.

Namba usiyoikumbuka, piga *152*00# ufuate menyu mpaka NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo hata mzee anaweza kuikagua kama ni yake. Namba ile ndiyo utambulisho wenyewe. Kadi inaweza kuchelewa na ukaendelea na mambo mengi kwa namba.

Pili, taarifa ya upotevu polisi. Siku hizi inapokelewa hata mtandaoni, kijana yeyote mwenye simu janja anaweza kuwasaidia wazee kambini. Andikeni kila kilichopotea kwenye taarifa moja, msirudi mara mbili.

Tatu, barua ya kijiji. Muhuri umepotea? Barua inaweza kuandikwa ngazi ya kata, au mtendaji wa kijiji jirani akathibitisha pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Ofisi inayosema "bila muhuri wa kijiji chako hapana" wakati kijiji kizima kimezama inamkosea mwananchi, nasema hivyo kama mtu niliyebeba muhuri miaka mingi.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye vyeti na kadi. Na kile cheti kilichofutika wino msikitupe! Namba ya ingizo ikisomeka, msajili anakipata kwenye kumbukumbu haraka kuliko kutafuta kwa jina. Kikauke kivulini, msikipige pasi wala kukikimbizia kwenye plastiki kikiwa kibichi, kitaoza ndani.

Dada_Ipinda

Shikamoo mzee. Hapo kwenye laini umeniokoa, nilikuwa nimeshakata tamaa na pesa ya kikundi iliyokuwa kwenye simu ya mama mkwe.

Swali langu. Vidole vya mama mkwe havisomi. Amelima mpunga tangu utoto, vidole vimefutika kabisa, mashine inakataa kila mara. Wakala anasema "bibi jaribu tena", bibi anapaka mate, anajaribu, wapi. Sasa kama kidole ndicho ushahidi, wa namna hii wanafanyaje?

Mtendaji_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kwanza ajaribu vidole vyote kumi, watu wanang'ang'ania dole gumba tu. Mara nyingi kidole cha pete au kidogo cha mkono wa kushoto ndicho kilichopona jembe. Aoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, apake mafuta kidogo, afute, kisha ajaribu. Ikishindikana wakala hawezi kumaliza, aende ofisi ya NIDA ya wilaya. Kule kuna picha yake waliyompiga alipojiandikisha, na alivyojaza kuhusu wazazi na kijiji chake.

Mpakani_Tunduma

Wakuu nimesoma kwa makini. Nawapa pole watu wa Kyela, lakini mimi naona hatari na nitaisema wazi.

Naishi Tunduma. Ukivuka barabara uko Nakonde, Zambia. Hapa kitambulisho cha Tanzania ni mali. Kwa namba ya NIDA mtu anafungua akaunti, anasajili laini, anaomba pasipoti. Mkisema mtu apewe karatasi kwa sababu tu mwenyekiti wa kitongoji kamtambua kambini, mafuriko yanayofuata mtaona watu ambao hawajawahi kuishi Kyela wanadai nyumba yao ilizolewa. Na wenyeviti wapo wanaoweza kununuliwa. Uhamiaji wanapouliza maswali mengi mpakani hawafanyi kwa kupenda. Naomba huruma isije ikafungua mlango ambao baadaye hatutaweza kuufunga.

Mwana_Bujonde

Kaka wa Tunduma, umeongea jambo la kweli na silipuuzi. Hakuna anayeumia zaidi na kitambulisho cha uongo kuliko sisi tunaokaa mpakani, maana ndicho kinachofanya tushukiwe sote.

Lakini tutenganishe watu wa aina mbili. Yupo aliyekwishasajiliwa, ana namba, alama zake ziko kwenye kanzidata, kadi tu ndiyo imezama. Huyu hahitaji kutambuliwa na mwenyekiti yeyote. Anaweka kidole, jina linatokea na picha inatokea, anachapiwa. Mwongo hapiti hapo, kidole chake kitamkataa. Mama yangu yuko kundi hili, na Kyela walio wengi wako kundi hili. Huyu kwa nini alipe 20,000 na azungushwe?

Yupo ambaye hajawahi kusajiliwa kabisa. Huyo apitie utaratibu wote, maswali ya Uhamiaji, kamati ya kijiji, wazee wa kumtambua, sipingi hata kidogo. Ninachoomba ni hao maofisa waje kambini wakae siku chache. Tena pale watafanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu kijiji kizima kimelala chini ya paa moja. Mtu akisema ni wa kitongoji fulani, majirani zake wote wanasikia.

Umaskini wa baada ya gharika ndio unaoleta udanganyifu. Mtu akishindwa njia halali ataazima kitambulisho cha shemeji asajili laini, na hapo ndipo vurugu inapoanza.

Mpakani_Tunduma

Ukitenganisha hivyo nakuunga mkono. Kuchapa upya kwa kidole sina neno, na ada iondolewe. Kusajili wapya kubaki na ukali wake.

Muuguzi_Rungwe

Naomba niwakumbushe watoto, hawana wa kuwasemea.

Mkoa wetu wa Mbeya ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kupata mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano mwaka 2013, wakati huo Songwe ikiwa bado ndani ya Mbeya. Iringa na Njombe wakafuata baadaye. Mtoto anapewa cheti cha kuzaliwa bure, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, hakuna kwenda wilayani. Taarifa zinaingizwa kwenye mfumo kwa simu. Kwa hiyo mama ambaye mtoto wake hajatimiza mitano na hakuwahi kuwa na cheti, hii ni nafasi yake, akienda kliniki kupima uzito aulize hapo hapo.

Shida yetu inakuwa kwenye kadi ya kliniki. Kadi ikizama, chanjo za mtoto zinakuwa hazina kumbukumbu mkononi mwa mama. Vituo vina rejista, lakini mama akihamia kwa ndugu zake mbali, yule muuguzi mpya hajui aanzie wapi. Nawasihi wazazi, kadi ya mtoto ikiwa mpya ipigeni picha kurasa zote mmtumie ndugu mmoja anayeishi juu, Tukuyu au Mbeya, aitunze kwenye simu yake. Wataalamu wa afya tutaipokea picha hiyo.

Na mwanamke aliyejifungua kambini asiondoke bila tangazo la kizazi. Huo ndio mwanzo wa cheti.

Mke_wa_Songwe

Nimesita kuandika lakini naona mnaongea kwa heshima.

Mimi ni Mmalawi wa Karonga, nimeolewa Kyela, watoto wangu wote wamezaliwa hapa. Pasipoti yangu yenye kibali cha kukaa na mume wangu ilikuwa kwenye sanduku lililokwenda na maji. Tangu siku hiyo siendi mnadani, siendi hospitali ya wilaya, namtuma binti. Naogopa kukamatwa. Mume wangu anasema tunyamaze mpaka hali itulie. Majirani nao wengine wananiambia watoto wangu siyo Watanzania. Nifanye nini?

Msaidizi_Kisheria_Mbeya

Dada, karibu sana na pole kwa yaliyokupata. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi yetu inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hatutozi mtu. Nitakujibu kwa kirefu maana mko wengi wenye jambo hili.

Watoto kwanza. Mtoto aliyezaliwa Tanzania na baba yake Mtanzania ni Mtanzania. Mama kuwa Mmalawi hakuondoi chochote. Wanachohitaji ni vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba, na hivyo vinapatikana kwenye ofisi ya RITA iliyo kwa Mkuu wa Wilaya. Anayewaambia vingine anawaonea.

Wewe mwenyewe, tafadhali usinyamaze. Aliyekuwa na kibali halali kikapotea kwa gharika, akaenda mwenyewe Uhamiaji na taarifa ya polisi, barua ya kata, mume wake na cheti cha ndoa, yuko mahali pazuri sana kuliko yule aliyekutwa njiani baada ya muda kibali kikiwa kimeshaisha. Kibali kilichotolewa kina kumbukumbu yake Uhamiaji hata kama pasipoti ilizama. Cheti cha ndoa nacho kikiwa kimepotea, kanisani kuna daftari, na aliyefunga serikalini kuna rejista. Kwa ndoa ya kimila kula kiapo mahakama ya mwanzo pamoja na wazee wa pande zote mbili.

Pasipoti yenyewe Tanzania haiwezi kukutengenezea, hiyo ni ya kwenu. Malawi waliandikisha wananchi wao kwa wingi mwaka 2017, na kama ulijiandikisha, alama zako ziko kwao kama za wenzako zilivyo NIDA. Ubalozi wa Malawi uko Dar es Salaam. Ukienda Uhamiaji waeleze unataka kurudi Karonga kushughulikia pasipoti, wakuelekeze namna ya kuvuka mpaka pale Kasumulu na kurudi bila tatizo. Usivuke kwa mtumbwi usiku, dada yangu. Kosa dogo la karatasi litageuka kosa kubwa.

Na ulijue hili: Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke wa nje aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia. Ni uamuzi wako na mume wako, mzungumze bila haraka. Ila ujue kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Nitafute kwa ujumbe wa faragha, nitakuunganisha na mwenzangu wa Kyela akusindikize. Hakuna haja ya kwenda peke yako.

Mke_wa_Songwe

Ndaga fijo dada. Nimemsomea mume wangu yote. Amekubali tuanze na polisi.

Katumba_Songwe

Huyu mama asione kwamba yuko peke yake. Sisi wa kandokando ya Songwe mto wenyewe unatuhamisha.

Mpaka waliouandika Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 unafuata mto, na Songwe huku bondeni haitulii. Masika makubwa yanakata kona mpya. Unaamka shamba lako la mpunga liko ng'ambo, au la Mmalawi limekuja upande wako. Serikali mbili zina kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe, na kazi yao mojawapo ni kuudhibiti mto usihamehame, kwa mabwawa na kuimarisha kingo. Tunaisubiri kwa hamu. Lakini mpaka hapo, uraia wangu umetokana na wazazi wangu, hautegemei mto umelala upande gani mwaka huu. Kuna babu hapa kijijini amelima sehemu moja maisha yake yote, na kila mto ukihama anaulizwa upya yeye ni wa nchi gani.

Naomba kwenye madai yetu tuweke na ardhi. Mwenye hati ya kimila ana ahueni, kwa sababu kumbukumbu nyingine inabaki masjala ya kijiji na wilaya. Asiye nayo ana karatasi ya mauziano tu ya kuandika kwa mkono, mashahidi watatu, wawili wameshafariki. Ikizama hiyo, kwisha.

Mtukuyu_Ughaibuni

Salamu kutoka Kanada. Nimezaliwa Tukuyu, sasa niko Alberta kwa kazi.

Niwaambie jinsi wenzetu huku wanavyofanya, siyo kwa kujisifu, ila mpate hoja ya kupeleka mbele. Huku janga letu ni moto wa misitu. Agosti 2023 mji mzima wa Yellowknife uliambiwa uondoke, watu wapatao 20,000, na Kelowna kule British Columbia nako nyumba ziliungua. Wizara yao ya Uhamiaji ikatangaza utaratibu maalumu: raia na wakazi wa kudumu walioathirika wanapewa upya pasipoti, kadi za ukazi na vyeti vya uraia bila malipo. Wageni wenye vibali vya kazi au masomo nao wakapewa upya karatasi zao bure, na waliopitwa na tarehe kwa sababu ya kukimbia moto wakaruhusiwa kurudisha hadhi yao au kuongeza muda bila ada. Tangazo lilikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho, na limerudiwa kwenye misimu ya moto iliyofuata.

Mimi mwenyewe moto haukunifikia, lakini ninafanya kazi na Mfilipino aliyetoka kwenye nyumba iliyoungua. Alijaza fomu na kueleza alikuwa anaishi wapi. Basi. Hakuna aliyemdai nakala ya kitu kilichoungua.

Kilichonigusa ni kwamba mgeni hakuachwa. Walijua moto hauulizi mtu ana kibali gani.

Nzovwe_Kwetu

Kanada wana pesa mkuu. Sisi bajeti yetu unaijua.

Mtukuyu_Ughaibuni

Kweli wana pesa, lakini angalia gharama yenyewe ni ipi. Kuchapa kadi ambayo taarifa zake zipo tayari, na kusema kwenye tangazo moja kwamba ada imesitishwa kwa kata fulani mpaka tarehe fulani. Gharama kubwa ya kukusanya alama za vidole nchi nzima Tanzania ilishalipa.

Msaidizi_Kisheria_Mbeya

Nimwongezee nguvu. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi zao, za mwaka 1998, kanuni ya 20, zinasema mamlaka ziwape watu hao nyaraka zilizopotea bila masharti yasiyo na sababu, kama vile kumtaka mtu arudi kwanza alikotoka ndipo apewe. Na zinasema wanawake na wanaume wapewe kwa majina yao wenyewe, kwa haki sawa. Hilo la pili ni muhimu kwetu, maana nimeona mama anaambiwa aje na mume, na mume ameondoka zamani.

Ndani ya nchi tunayo Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022. Inaweka kamati za maafa kuanzia taifa mpaka kijiji. Kamati ya wilaya ndiyo inayoorodhesha walioathirika ili wagawiwe misaada. Orodha hiyo hiyo, ikisainiwa, ingeweza kukubalika polisi, NIDA, RITA na Uhamiaji kama ushahidi wa upotevu kwa wote waliomo. Hakuna sababu ya watu mia kadhaa kupanga foleni polisi kila mmoja aeleze habari ile ile ya maji yale yale.

Kidato_cha_Sita_Mbozi

Shikamooni. Naomba na sisi wanafunzi. Maombi ya mkopo wa chuo yanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na dirisha la maombi lina tarehe. Rafiki yangu wa Kyela cheti chake kilizama mwaka tunaomba. Cha kidato cha nne nacho kilizama, na kupata mbadala kutoka NECTA, Baraza la Mitihani, kuna kutoa taarifa polisi na kutangaza gazetini. Mtu ambaye wazazi wake wako kwenye hema atatangazaje gazetini?

Kama Kanada waliongeza muda wa vibali, na huku waliotoka kata zilizoathirika wangeongezewa muda wa dirisha.

Muuguzi_Rungwe

Mwanangu hoja yako nzito. Mwambie rafiki yako aanze kuomba RITA mtandaoni hata kabla nyumba haijasimama. Na aende kwa mkuu wa shule aliyosoma, shule zina kumbukumbu zake na barua ya mkuu wa shule inasaidia njiani.

Mwana_Bujonde

Wakuu nawashukuru kwa moyo wote. Mzee Mtendaji, mama amerudisha laini kwa kidole cha pete cha kushoto, kama ulivyosema.

Nimezungumza na diwani wetu. Amesema tukiandika madai yakapita kwenye mkutano wa kijiji, ataingiza kwenye kikao cha kata kisha yaende kamati ya maafa ya wilaya. Nimeanza kuandika hivi, mnirekebishe:

Kwamba wilaya ikishatangaza kata zilizoathirika, ada ya kadi ya NIDA na ya nakala za vyeti isitishwe kwa wakazi wa kata hizo kwa muda utakaotajwa. Orodha ya kamati ya maafa itumike badala ya kila mtu kwenda polisi. NIDA, RITA na Uhamiaji wakae pamoja kambini kwa siku zitakazotangazwa, ili mtu amalize yote mahali pamoja. Waliokwishasajiliwa wahudumiwe kwa kidole, na wapya wapitie maswali yote kama kaka wa Tunduma alivyosisitiza. Wake na waume wa kutoka Malawi na Zambia waliokuwa na vibali halali wapewe karatasi ya muda ya kuwaonyesha askari njiani wakati wanashughulikia pasipoti za kwao. Wanafunzi waongezewe muda. Karatasi za mashamba zinakiliwe na kijiji na nakala ipelekwe kata iliyo mwinukoni kabla ya masika.

Mtendaji_Mstaafu

Ongeza rejista ya wakazi ya kijiji. Iwe na nakala wilayani, isasishwe kila mwaka. Nimeona rejista ikioza kwenye kabati la ofisi, na kijiji kikabaki hakina kumbukumbu ya watu wake. Na hilo la karatasi ya muda kwa wake wa kutoka ng'ambo waandikie Uhamiaji mkoa moja kwa moja, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Kamati ya maafa haina mamlaka ya kulitoa, isije ikawa sababu ya kurudisha barua nzima.

Katumba_Songwe

Na andika kwamba ombi hili lisisubiri gharika nyingine. Mwezi wa kumi na moja ndiyo wakati wa kulipeleka, mito ikiwa bado chini.

Mwana_Bujonde

Nimeongeza yote mawili, na la Uhamiaji nimelitenga kwenye barua yake. Mkutano wa kijiji ni Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Wa Bujonde na Katumba Songwe mnaoweza kufika, njooni na kalamu. Tunahitaji saini.